Ulaini wa Mkono

Tutazame pamoja mkono wa mchumaji chai huku Nyamache, Kisii, ukungu ukiwa bado umelalia vilima vya Bobasi. Vidole vinakutana kwenye ncha ya mchai, vinachukua majani mawili na kichipukizi chake, vinakunjuka, vinahamia tawi la pili. Jicho husifu wepesi wa kushika. Mimi huona ajabu kubwa zaidi katika ule wa kuachia. Usione vyaelea, vimeundwa. Na ulaini huo nao umeundwa.

Kila msuli umewekewa vihisio vidogo ndani yake. Msuli unapovutwa, vihisio hivyo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti hujibu papo hapo kwa amri moja: jikaze! Amri hiyo ingetukakamaza sote, lau si ubongo kuteremsha neno la kutuliza usiku na mchana, nasi hatuliombi wala hatulisikii. Mpiga obokano, kinubi cha Abagusii, hukaza na kulegeza nyuzi zake nane mpaka zipatane. Ndivyo Muumba alivyotutengeneza, nguvu na utulivu vikakaa katika mkono mmoja bila kugombana. Kiharusi kikiikata njia ya neno hilo, kiwiko hujikunja, ngumi hufumba, na kumvisha mzee shati huwa kazi ya watu wawili. Hapo ndipo tunapojua kwamba kulegea nako kulikuwa kazi, tena kazi ya kila dakika.

Fuvu linalouhifadhi ubongo halikuwa geni kwa Abagusii, wenyeji wa vilima hivi. Ababari, waganga wao wa upasuaji, walifungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa ili kumpunguzia mtu maumivu yaliyoachwa na pigo, na wengi waliofanyiwa hivyo waliishi. Nauheshimu sana ujasiri wa mikono ile. Kisha mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, bila kisu wala tone la damu; nguvu ya sumaku ikapenya mfupa, umeme mdogo ukazaliwa ubongoni, na misuli ya mkono ikashtuka. Kanuni waliyoitumia, kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme, Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, nayo ilikuwa imewekwa duniani kabla ya jicho lolote kuiona.

Nusu mbili za ubongo huzuiana kwa kiasi, na kiharusi huweza kuuvuruga mzani huo. Basi waganga wa leo hupiga mapigo ya sumaku polepole, kama moja kwa sekunde, kuituliza nusu iliyo nzima, au ya haraka kuiamsha iliyojeruhiwa. Wengine hupitisha umeme hafifu wa miliampea 1 au 2 kupitia sponji zilizoloweshwa. Mikono mingine hulainika, mingine hubaki vilevile, na hakuna mashine iliyoondoa haja ya mazoezi ya viungo.

Mazoezi hayo yenyewe hufuata mpango uleule wa uumbaji. Mtaalamu wa viungo, au binti aliyefundishwa naye, huunyoosha mkono wa mzee taratibu, kwa maana msuli uliokakamaa ukivutwa ghafla hukaza zaidi, na ukivutwa kwa upole hukubali.