Mvua ya Shamba Moja: Nani wa Kulaumiwa?

Kila mwaka kiangazi kinapokaribia kwisha, uwanda wetu wa Ufipa hupatwa na siku za mashaka. Katikati ya Oktoba jua hupita juu ya utosi, baridi ya Juni na Julai imekwisha kusahauliwa, na joto hukaa, hata watu wa Sumbawanga, waliozoea hewa ya nchi iliyoinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, hutafuta kivuli. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya milima ya Mbizi, hunguruma, kisha hutawanyika. Siku nyingine mvua hunyesha kwa nguvu katika kijiji kimoja, na kijiji cha pili, ambacho watu wake waisikia ngurumo ile ile, hakipati hata tone. Tena pengine radi huipiga nyumba moja, ikaziacha zote zilizoizunguka.

Hapo ndipo lizukapo swali tutakalo kulitazama. Je, ni haki kumtafuta mtu wa kulaumiwa kwa mvua iliyokwenda kando, au kwa radi iliyopiga? Mtu akipotewa na mbuzi huuliza ni nani aliyemchukua, na kuuliza hivyo si dhambi. Basi akipotewa na mvua, kwa nini asiulize vivyo hivyo?

Kwanza tuangalie jambo lenyewe lilivyo. Nchi yetu imekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, nayo yote mawili yako chini yetu kwa kiasi cha mita 1,000. Jua likiichoma ardhi, hewa iliyo karibu nayo hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda. Ikipanda hupoa, na unyevu uliomo hugeuka kuwa wingu. Siku hizo za mwisho wa kiangazi ukanda mkuu wa mvua, ulifuatao jua kutoka kaskazini, haujatufikia kwa ukamilifu. Kwa hiyo unyevu bado ni haba, na hewa hupanda hapa na pale tu, kama mvuke utokao penye nyufa za kifuniko cha chungu. Wingu la namna hiyo laweza kuwa na upana wa kilometa chache. Aliye chini yake hulowa, aliye kando hubaki na vumbi lake. Ndani ya wingu vipande vya barafu hugongana, umeme hujikusanya, na ukizidi hushuka, mara nyingi kwa kupitia kitu kirefu kilichosimama peke yake. Ng'ombe waliokimbilia chini ya mti hufa pamoja kwa sababu umeme huenea ardhini kutoka shinani, ukapita miilini mwao toka mguu hata mguu.

Lakini mwenye msiba atatujibu, "Hayo nimeyasikia. Ninyi mwaniambia radi hupigaje. Mimi nauliza kwa nini imepiga kwangu." Tusimcheke mtu huyu. Swali lake ni la kale, na elimu ya mawingu hailijibu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu, za Novemba hata Aprili, kwa mikoa kama huu wetu wa Rukwa. Husema kama mvua zaelekea kuwa za wastani, au kuzidi, au kupungua. Walakini mabingwa hao, pamoja na vyombo vyao vyote, hawawezi kutaja mwezi mmoja mbele shamba litakalonyeshewa wala paa litakalopigwa.

Basi, ikiwa wenye vipimo hawawezi, jirani anenaye kilabuni ameupata wapi ujuzi wa kusema kwamba bibi fulani ndiye aliyeituma radi? Aliyeibiwa mbuzi aweza kufuata nyayo, akaiona kamba, akaita mashahidi. Mvua haina nyayo. Asemaye pasipo ushahidi husema kwa chuki ya zamani iliyopata nafasi. Ndiyo maana atajwaye huwa mara nyingi mjane, au kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, au mtu aliyevuna vizuri kuliko wenzake. Na tuhuma hizo si maneno tu, maana katika sehemu mbalimbali za Tanzania wazee wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa, kwa ajili yake.

Ufipa imekwisha kulijaribu jambo hili. Wengi husimulia kwamba hata jina la Sumbawanga lina maana ya kuutupa uchawi. Katika miaka ya 1963 na 1964 watu wa Kamchape walipita vijijini wakidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha. Walipokwisha kupita, mvua ziligawanyika kama zamani, na radi zikapiga kama zamani.

Twawakumbuka pia rafiki za Ayubu. Siku 7 waliketi naye chini pasipo kusema neno, na hilo lilikuwa jema. Walikosa walipofungua vinywa vyao kuutafutia msiba ule mwenye hatia.

Tena tuhuma hutuziba macho tusiyaone yaliyo mikononi mwetu. Wako waogopao kumgusa aliyepigwa na radi, naye akafa mbele yao. Mwili wake hauna umeme tena. Aguswe, na ajuaye kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi afanye hivyo mara moja, wengine wakimtafutia mganga wa hospitali. Tukisikia ngurumo tuondoke mlimani na mashambani, tusisimame chini ya mti, tuingie mapema katika nyumba imara. Wala tusitupe mbegu zote ardhini kwa dhoruba ya kwanza, maana baada yake joto laweza kurudi kwa majuma mengine.

Babu zetu, ambao hawakuwa na utabiri wowote, waliyajibu mashaka ya mvua kwa kazi. Walilima matuta ya mviringo yaitwayo intumba, wakafukia nyasi ndani yake zioze, ili mvua itakapokuja ikute udongo umekwisha kushiba. Kazi hiyo hufanywa kabla ya kujua mvua itamwangukia nani.

Basi mwaka huu, kijiji jirani kikilowa na chetu kikakauka, au nyumba ya mwenzetu ikiteketea, tuliache lile swali la nani amefanya. Tuulize nani amepatwa, na sisi tuna nini cha kumpelekea: debe la ulezi, nyasi za kuezekea, au mikono miwili ya kulima pamoja naye. Mvua ikigawanyika, sisi tusigawanyike.