Vijiko Vitatu vya Sukari

Tukikutana kwenye harusi au hitima huku Uingereza, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kisukari. Fulani amekatwa mguu, fulani haoni tena. Kisha tunatoa hukumu ile ile: "Watu wanakula ovyo na hawatembei." Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Sisi tuliosomea uhandisi tulifundishwa kwamba magari yakipinduka kila mara kwenye kona moja, usiwalaumu madereva tu. Kaikague na kona. Ndivyo Uingereza ilivyofanya Aprili 2018, ilipoanza kutoza ushuru vinywaji vilivyotiwa sukari, kuanzia gramu 5 kwa kila mililita 100. Aliyelengwa alikuwa mwenye kiwanda, na viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla ya siku hiyo. Watu wakanywa sukari pungufu bila kuhubiriwa. Vivyo hivyo, mwaka 2012 shule moja ya msingi mjini Stirling, Scotland, ilianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku wakimbie, na nguo zao zile zile za shule. Hakuna ada wala vifaa. Ndiyo maana maelfu ya shule yameweza kuiga.

Kwa hiyo mpango wa watu wengi usitegemee ushujaa wa kila mmoja. Mama anayesafisha maofisi usiku, ukimpa karatasi ya mawaidha ya afya na kumwambia akafanye mazoezi, umemwongezea mzigo tu.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya serikali. Ushuru ule hauingii jikoni kwetu. Vijiko vitatu tunavyomtilia mgeni kwenye chai kabla ya kumwuliza havina mkaguzi. Akikataa, tunanuna. Kona hiyo ni yetu, na hakuna atakayekuja kututengenezea.

Katika mkutano mmoja wa jumuiya yetu tulileta chai kavu, sukari tukaiweka pembeni. Wapo walionung'unika. Lakini mzee mmoja mwenye kisukari alituambia: "Miaka yote nilikuwa nakunywa tu. Niliona haya kuwakatalia."

Tulinyamaza. Kumbe yale tuliyoyaita ukarimu yalikuwa yakimdhuru mgeni wetu, naye akituvumilia kwa adabu. Basi tuanze na swali dogo, ambalo halihitaji bajeti ya serikali: "Nikutilie sukari?" Na akisema hapana, tusimlazimishe.