Picha Zisizobisha Hodi

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, mgeni hubisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Siku hizi simu yaweza kuonyesha picha ziendazo mbele ya ukuta wowote, na mwenye ukuta asijue. Mwaka 2016 vinyama vya mchezo wa Pokémon Go viliwindwa hata Auschwitz, nchini Poland, walikouawa watu zaidi ya milioni moja. Makumbusho ya pale yakaomba mahali hapo paondolewe mchezoni.

Atasema mtu: simu ni yangu, macho ni yangu, na picha haigusi jiwe. Ni kweli. Lakini heshima ya Msikiti wa Mandhry, au ya kaburi, haimo katika mawe peke yake. Basi atiaye picha mahali pa watu na aulize kwanza. Mgeni mwema hubisha mara tatu, asipoitikiwa, hurudi.