Kapu la Shemeji

"Baba, unatumia dawa gani?" Muuguzi wa mapokezi aliuliza, na shemeji yangu akajibu bila kusita: "Moja tu. Ya lehemu." Daktari wa zamu akauliza tena, jibu likawa lilelile. Mara ya tatu aliulizwa akiwa kitandani, dripu mkononi, na mkojo wake uko kwenye kikopo juu ya kabati, rangi ya maji ya ukwaju. Dada yangu, aliyesimama upande wa miguuni, uvumilivu ukamwishia.

"Mwambie na yale makopo, baba nanii."

"Yale si dawa," shemeji alisema. Na aliamini hivyo kwa dhati.

Mwaka mmoja nyuma vipimo vilionyesha lehemu imepanda, akaandikiwa simvastatini miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku, kwa sababu ini hutengeneza lehemu zaidi wakati mtu amelala. Akameza, kipimo kikashuka, hakuna kilichomuuma. Kisha ikaja harusi ya binti yake, na suti ikagoma kufunga. Mtu wa miaka 52, ambaye tizi yake ya mwisho ilikuwa mchakamchaka wa shule, akajiunga na jimu ya ghorofani, chini ya bati, katika joto la Februari la Dar es Salaam.

Kocha alikuwa kijana mchangamfu. Simlaumu sana, maana alichokuwa akiuza na yeye mwenyewe alikitumia. Akampangia makopo manne: poda ya protini, kriatini, unga wa kuamsha mwili kabla ya tizi, wenye kafeini ya kumkosesha mtu usingizi siku mbili, na vidonge vyekundu vya kusafisha mafuta kwenye damu. Shemeji alisita kidogo kwenye hivyo vya mwisho. "Mzee wangu," kocha akamwambia, "hivi ni mchele tu. Asili kabisa."

Na kweli ni mchele. Unachachushwa kwa kuvu nyekundu iitwayo Monascus, na Wachina wameutumia karne nyingi, jikoni na kwenye tiba. Ila kuvu hiyo ina jambo lake. Miaka ya 1970 mtafiti Mjapani, Akira Endo, alichunguza maelfu ya kuvu mpaka akapata dutu inayolizuia ini kutengeneza lehemu. Mwaka 1979 akaripoti nyingine kutoka kwenye kuvu hii nyekundu, akaiita monakolini K. Ni kitu kilekile kiitwacho lovastatini, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Na simvastatini ya shemeji hupatikana kwa kuibadili lovastatini kidogo tu. Kwa hiyo kila usiku alikuwa anameza ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amepimwa na kuandikiwa, mwingine ameingia kwa jina la mchele. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2022 kwamba monakolini kwenye virutubisho zisifike miligramu 3 kwa siku. Kopo la shemeji halikutaja miligramu hata moja. Lilikuwa na picha ya jani.

Halafu kulikuwa na balungi. Kocha alisema linakata kitambi, basi dada yangu akawa anakamua bilauri nzima kila asubuhi, kwa mapenzi kabisa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya simvastatini kabla haijaingia kwenye damu. Balungi hukinyamazisha kimeng'enya hicho, na athari yake hudumu hata zaidi ya siku moja, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kidonge usiku hakusaidii kitu. Kidonge ni kilekile cha 20, lakini kinachofika kwenye damu ni kingi zaidi.

Jumamosi ikawa siku ya miguu. Kuchuchumaa na kuinuka, chuma mabegani, seti baada ya seti, jasho likitiririka na maji hakuna. Jumapili mapaja yakauma, akafurahi: tizi imekubali. Jumatatu alishindwa kuinuka chooni, akamwita mwanawe amshike mkono, na bado akacheka. Ndipo watu wengi wanapoponzwa, kwenye kicheko hicho. Maumivu ya tizi hukaa kwenye misuli uliyoitumikisha, na baada ya siku mbili tatu hupungua. Yake yalizidi, yakapanda mpaka mabegani, na miguu ikaisha nguvu. Jumanne usiku akaona rangi ya mkojo, kicheko kikaisha.

Misuli ilikuwa inavunjika, na protini yake nyekundu inamwagika kwenye damu na kuelemea figo. Kipimo cha CK, kinachoonyesha misuli imeumia kiasi gani na ambacho kwa mtu mzima huwa mia moja au mia mbili hivi, kilisoma zaidi ya 40,000. Alilazwa siku tisa, dripu juu ya dripu. Figo zikarudi kabla hajafikishwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Alipotoka alitangaza kwamba dawa ya hospitali ndiyo iliyotaka kumuua, na hatameza tena. Mimi hapo nilimkasirikia kuliko siku ya makopo. Kaka yake alianguka kwa moyo akiwa na miaka 49, na tulimzika wote. Wanaotumia dawa hizi ni mamilioni, na yaliyompata yeye huwapata wachache mno, hasa pale zinapochanganywa na kitu kinachozizidisha. Ilibidi daktari azungumze naye mara mbili. Misuli ilipopona akamwanzishia rosuvastatini, dozi ndogo, ambayo balungi haliigusi.

Siku ya kliniki dada yangu alimbebesha kapu. Shemeji akalimwaga mezani, na foleni nje ikaanza kunung'unika kwa sababu daktari alisoma kopo moja moja. Protini: "Haya ni maziwa, endelea." Kriatini: "Haigombani na dawa yako, ila inapandisha kreatinini, na hiyo ndiyo ninayoitazama kujua figo. Iache kwanza." Unga wa kuamsha na vidonge vyekundu akavisogeza pembeni bila neno. Akafika kwenye chupa ya dawa ya kiungulia, ambayo hakuna aliyeifikiria. "Hii ina magnesi na alumini. Meza rosuvastatini kwanza, hii isubiri saa mbili."

Kapu likabaki tupu. Daktari akamtazama shemeji, akateremsha miwani.

"Na mfukoni?"

Shemeji alitutazama, mimi na dada yangu, kisha akatoa kipakiti cha unga wa kahawia, hakina jina wala maandishi. Daktari akakigeuza, akakigeuza tena.