Mkuki kwa Nguruwe

Mwanangu hutengeneza midundo ya singeli kwa kompyuta, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Majuzi alikuja amenuna: mwimbaji mmoja amechukua mdundo wake bila kumlipa. Nikamwuliza, "Na hiyo FL Studio, uliinunua?" Akainamisha kichwa. "Hapana, baba. Nilinakili kwa rafiki."

Ningemkemea, lakini ujanani mimi nami nilinakili kanda za wanamuziki wetu bila haya. Umaskini ni sababu, ila haugeuzi haramu kuwa halali. Walioiunda programu hiyo, iliyotoka mwaka 1997, nao walitoka jasho.

Basi tumekubaliana: atajifunzia toleo la majaribio, lisilolipiwa, huku sote wawili tukiweka akiba. Anayedai haki yake, ndugu msomaji, aanze kwa kulipa ya mwenziwe.