Yai la Nani?

Wiki hii nataka tufikirie swali moja: ukimtendea mtu wema kwa kuwa tu huwezi kumtofautisha na wako, je, huo ni upendo?

Kigong'ota tunamjua, yule ndege anayetoboa miti. Kule California, Marekani, kuna aina yao wanaoishi kwa ukoo, na watafiti wamekuwa wakiwachunguza porini tangu 1968. Ukoo hutoboa mti maelfu ya mashimo madogo, na kila shimo huwekwa tunda moja la mwaloni, akiba ya msimu wa baridi. Watoto wakubwa hubaki nyumbani hata miaka kadhaa, wakisaidia kulisha wadogo zao. Niliposoma hayo nikasema, hapa nimepata mahubiri ya umoja!

Kumbe sikuwa nimemaliza. Wakati mwingine majike wawili hutaga katika tundu moja. Wa kwanza akitaga, mwenzake hulitoa lile yai nje, likaliwa. Ataendelea hivyo mpaka naye aanze kutaga. Hapo uharibifu hukoma, maana hakuna tena anayejua lipi ni lake. Akivunja, huenda akavunja la kwake. Basi huatamia yote, na makinda yote hulishwa.

Amani hiyo ilinichoma. Mimi nalea watoto wawili wa marehemu ndugu yangu pamoja na wangu watatu. Mezani hakuna ubaguzi, wote wanakula sawa. Lakini Januari ikifika na karo haitoshi, mkono huanzia kwa wangu. Mwaka huu kijana wangu aliripoti shule siku ya kwanza. Wa ndugu yangu alikaa nyumbani wiki mbili. Hakulia wala hakuuliza. Alifagia tu uwanja kila asubuhi.

Ndege hana hatia, yeye hajui. Mimi najua. Na hapo ndipo upendo unapopimwa. Warumi 8 inatufundisha kwamba tumefanywa wana. Mungu hakutuchanganya na Mwanawe kwa bahati mbaya. Alijua vizuri sisi ni nani, akatuchukua hivyo hivyo.

Jumamosi tuliketi na mama watoto, tukaandika majina yote matano kwenye karatasi moja ya karo, kwa kufuata umri. Jina la kwanza si la mtoto wetu wa kuzaa.

Mpendwa, kwako nyumbani, ni nani amezoea kungoja awe wa mwisho?