Ahadi Zenye Mvua Ndani

Swali ninaloishi nalo kila msimu wa mvua ni hili: mtu ambaye kichwa chake kinafuata mawingu, ana haki ya kuahidi chochote?

Si swali la darasani. Nafanya kazi Kitale, na mama yangu yuko Bungoma. Kila mwezi ana siku yake ya kliniki, na ni mimi niliyesema nitakuwa nampeleka. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400. Mvua za masika zikianza, asubuhi huwa jua kali, mchana mawingu yanajikusanya upande wa Elgon, na jioni inanyesha. Wenzangu wakikimbia kuanua nguo, mimi tayari natafuta ukuta wa kushika. Sakafu inaruka kama matatu iliyopita tuta bila kupunguza mwendo. Mwanga unachoma, harufu ya kitunguu kikikaangwa inanitapisha, kisha nusu ya kichwa inaanza kugonga.

Daktari alikiita kipandauso cha kizunguzungu. Mwaka 2012 wataalamu wa kimataifa walikubaliana vigezo vya kukitambua: angalau vipindi 5, kila kimoja kati ya dakika 5 na saa 72, pamoja na dalili nyingine. Wagonjwa wengi hutaja mabadiliko ya hali ya hewa kama kichochezi, ingawa tafiti hazikubaliani na kila mwili una vichochezi vyake. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha kipandauso. Picha hupigwa ili kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Mwishowe daktari anategemea maelezo yangu.

Sasa kama daktari anaanzia kwenye neno langu, mbona jamaa wa kazini anataka ushahidi? "Jana si ulikuwa sawa? Yaani mvua ndiyo imekuuma kichwa?" Tunacheka yanaisha, lakini ninachosikia ni kwamba mimi ni mwongo mpaka nithibitishe.

Huku Trans Nzoia hakuna anayemwita mkulima mwongo. Akikopa mbegu na mbolea, akasema atalipa baada ya mavuno, kila mtu anasikia sharti ambalo hakulitamka: mvua ikikubali. Ikichelewa, watu wanakaa chini wanapanga upya. Fundi akisema slabu itamwagwa Jumanne, pia kuna mawingu ndani ya neno lake. Wote tunaishi kwa ahadi zenye mvua ndani. Tofauti ni kwamba shamba la mkulima linaonekana kutoka barabarani. Langu liko nyuma ya jicho la kushoto.

Lakini ulinganisho huo haunisamehe kila kitu. Mahindi yakikauka, wa kwanza kulala njaa ni mkulima mwenyewe. Mimi nikijifungia kwenye chumba chenye giza, kuna mtu anafanya zamu yangu, na kuna mama wa miaka 70 amekaa kwenye benchi akitazama geti.

Kwa hivyo deni langu si kuwa mzima. Uwezo huo sina. Deni langu ni kutamka sharti mapema, kabla mawingu hayajaja, na kuacha mpango wa pili usiotegemea kichwa changu. Mama ana namba ya mtu wa boda anayemwamini, na nauli anakaa nayo tangu mwanzo wa mwezi. Mimi hujaribu kusafiri siku moja kabla, asubuhi. Nina daftari: nililala saa ngapi, nilikula nini, mbingu ilikuwaje. Dawa za maumivu nazihesabu, kwa sababu zikimezwa siku nyingi mno kila mwezi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Kuna deni lingine gumu zaidi. Ugonjwa usiopimika ni kisingizio kizuri sana. Siku ambayo sitaki tu kwenda mahali, hakuna mtu atakayejua. Siku hiyo nasema sitaki. Nikikisingizia kipandauso mara moja tu, atakayelipa ni mgonjwa mwingine, atakayesema ukweli kesho mbele ya watu waliokwisha kuchoka kuamini.

Nanyi mnaotusikiliza mna sehemu yenu, na si kubwa. Hatuwaombi muelewe, wala mtuletee dawa ya binamu. Tuulizeni swali ambalo mkulima huulizwa: sasa tufanyeje?

Mama yangu hajawahi kuumwa kichwa hivi. Nikimpigia nikiwa nimeshindwa kusafiri, haulizi kama ni kweli. Husema, "Basi zima simu ulale, mwanangu. Nishamwita mtu wa boda." Anafika kliniki, dawa anapata. Mimi hiyo naihesabu kama ahadi iliyotimizwa.